Naomba ushauri: elimu ya kiharusi na haki za waliopona

Habari zenu ndugu zangu. Kaka yangu alipata kiharusi. Mdomo ulipinda, mkono ukalegea, maneno hayaeleweki, na waliokuwepo wakasema alale kwanza apumzike. Kumbe dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kupigwa picha ya ubongo, maana kuna kiharusi cha mshipa kupasuka, ambacho dawa hiyo ingekizidisha.

Kinachoniuma zaidi ni ya sasa. Akili yake ni timamu, ulimi tu ndio mzito, lakini wageni wanamuuliza mkewe, "Anakula vizuri?" na yeye amekaa palepale. Kazini wamemwambia abaki nyumbani, hata kupunguziwa majukumu hakujazungumzwa, wakati Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006 unatambua haki yake ya kufanya kazi na kurekebishiwa mazingira.

Tarehe 29 Oktoba, Siku ya Kiharusi Duniani, tunataka kuzungumza na majirani. Tuanzie nyumba za ibada au shuleni? Yeye mwenyewe anatamani kusema, polepole. Mliowahi kufanya hivi, mlimwandaaje mgonjwa asichoke mbele ya watu? Na kwa mwajiri, tuanze na barua ya daktari au tumwone mwanasheria kwanza?