Damu ya mbwa wetu imelala kwenye friji ya kliniki, na sisi tunahamia Hawaii!

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Mume wangu ni mwanajeshi wa Marekani na ameshapewa barua ya uhamisho kwenda Oahu, kisiwa cha Hawaii. Tuna mbwa na paka. Kabla hamjaanza kunifundisha: najua Hawaii ndilo jimbo pekee la Marekani lisilo na kichaa cha mbwa, na sitaki sisi ndio tuupeleke. Masharti tumeyafuata. Chipu ya utambulisho mwilini, chanjo mbili za kichaa cha mbwa zilizopishana si chini ya siku 30, kisha damu iende maabara kwa kipimo cha FAVN, kinachopima kinga dhidi ya ugonjwa huo, na kinga ifike 0.5. Makaratasi yawafikie wakaguzi wa Hawaii si chini ya siku 10 kabla ya kutua. Ukikamilisha, mnyama wako unamchukua palepale uwanja wa ndege wa Honolulu. Usipokamilisha ni karantini, inaweza kufika siku 120, na bili ni yako.

Sasa kuna siku 30 nyingine, za kusubiri kabla mnyama hajaingia Hawaii (hadi 2018 zilikuwa 120, hapo nawapongeza). Hazihesabiwi tangu mnyama atolewe damu. Zinahesabiwa tangu maabara IPOKEE damu. Kliniki wakatuambia zote mbili zimetumwa. Kumbe ya paka ilienda, ya mbwa ikabaki frijini kwao! Nimepiga simu kuulizia majibu, naambiwa, "Pole dada, mlete tumtoe nyingine." Pole? Tarehe ya mume kuripoti iko palepale, jeshi halimsubiri mbwa.

Basi natafuta pa kumwacha. Kiangazi ndio msimu familia za wanajeshi zinahama, kwa hiyo nyumba za kulelea wanyama zimejaa. Niliyopata ina nafasi inatoza kwa usiku, kumtembeza wanalipisha kando, kumpa dawa kando, na wanadai chanjo ya kikohozi cha mbwa ambayo kwenye masharti ya Hawaii haimo. Siku zake zikitimia nani atampandisha ndege, wakati sisi wote tuko ng'ambo ya bahari? Tena ni wa pua fupi, na mashirika mengi ya ndege hayawabebi mbwa wa aina hiyo sehemu ya mizigo, hasa wakati wa joto.

Mtasema serikali inarudisha hela. Ndiyo, tangu Januari 2024 kuna hadi dola 2,000 kwa mwanajeshi anayehamishwa kwenda nje ya Marekani bara, na Hawaii imo. Someni vizuri lakini: ni mnyama mmoja tu, na nauli, vipimo, karantini, malazi, vyote vinabanwa humo humo. Paka wangu ni hewa? Gari letu linapelekwa Oahu kwa meli kwa gharama ya serikali, na kuna mtu wa kulikagua kila mkwaruzo kabla halijapakiwa. Mbwa tuhangaike naye wenyewe.

Kliniki nimewaandikia walipe kipimo kipya na malazi yote mpaka siku atakayopanda ndege. Kimya. Aliyewahi kuwabana watu wa namna hii wakalipa aje aniambie alipitia wapi: wanasheria wa kambini, au bodi inayowapa leseni madaktari wa wanyama? Na wale wa "si umgawe tu huyo mbwa", piteni kimya kimya.