Miungu walikuwa na njaa?

Jamani, nimerudia kisa cha gharika katika utenzi wa Gilgamesh, shairi la kale la Mesopotamia (Iraki ya leo), kibao cha udongo cha 11. Utnapishtim, aliyenusurika gharika, anatoa sadaka, miungu wananusa harufu na kumzunguka kama nzi. Kama nzi! Limenikaa rohoni. Kwani walikuwa na njaa?

— Ndiyo, ndugu yangu. Watu wa Mesopotamia waliamini binadamu aliumbwa abebe kazi za miungu, kuwalisha ikiwemo. Gharika ikawafagia walishaji.

— Linganisha na Mwanzo 8:21. Bwana anasikia harufu nzuri ya sadaka ya Nuhu, basi. Hali kitu.

— Na Qurani 22:37 ndiyo inafunga mlango: nyama wala damu hazimfikii Mwenyezi Mungu, humfikia uchamungu wenu.

— Ahsanteni sana. Ila wale nzi bado nawaona.