Mshauri nasaha wa utoaji mimba huzungumza kwa niaba ya nani?

Mwanafunzi wa ustawi wa jamii:
Wadau, darasani tunafundishwa kwamba mshauri nasaha husikiliza na kufafanua, bila kumwamulia mtu. Mbona nikisoma sheria za Marekani kuhusu utoaji mimba nakuta maneno ya mshauri yamepangwa na wanasiasa? Hali hii ilianzaje?

Msomaji wa sheria:
Ilianza kinyume chake. Mwaka 1967, kitendo chenyewe kikiwa bado jinai, wachungaji na marabi 21 wa New York walitangaza hadharani kwamba watawashauri wanawake na kuwaelekeza kwa madaktari wa kuaminika, ili wasiangukie mikononi mwa matapeli. Baada ya hukumu ya Roe ya 1973, ambayo Mahakama ya Juu iliitoa kuhalalisha utoaji mimba nchini kote, baadhi ya miji na majimbo yaliugeuza ushauri kuwa kizuizi. Mahakama ya Juu ilizikataa sheria hizo mwaka 1983 katika shauri la Akron, ikazikataa tena 1986, kisha mwaka 1992, katika shauri la Casey, ikairuhusu Pennsylvania kulazimisha maelezo yaliyopangwa na jimbo pamoja na kusubiri saa 24. Kilichobadilika zaidi katika miaka hiyo ni majaji, nao huteuliwa na marais.

Mshauri mstaafu:
Usisahau fedha. Tangu 1984, sera ya Marekani iitwayo ya Mexico City, ambayo imefutwa na kurejeshwa kila Ikulu ya Marekani inapobadili chama, imeyanyima misaada ya uzazi wa mpango mashirika ya nje yanayotoa ushauri wa utoaji mimba. Iliporejeshwa mwaka 2001, shirika nililofanyia kazi lilituagiza tunyamaze. Mama alikuwa akiingia, anahakikisha mlango umefungwa, anauliza swali lake kwa sauti ya chini, nami nilimjibu kwa kumpa kijitabu cha lishe ya mjamzito. Kwangu ukimya ule ulikuwa mzito kuliko maelezo yoyote ya kulazimishwa.

Msomaji wa sheria:
Pole sana, dada. Mwanafunzi, linganisha na Ujerumani: sheria ya 1995 inataka ushauri ulenge kulinda uhai wa mimba huku uamuzi ukibaki kwa mwanamke, ambaye hupewa cheti cha kuthibitisha ameshauriwa, kinachohitajika ili atoe mimba bila adhabu, na kusubiri siku tatu. Papa Yohane Paulo II alipolitaka Kanisa Katoliki liache kutoa vyeti hivyo, waumini walei walianzisha shirika la ushauri la Donum Vitae mwaka 1999, na wanavitoa hadi leo.