Mrejesho: mkakamavu ndio imeshinda

Haya wadau, niliwauliza neno la kumsifu mtu hakati tamaa, la kuandika kwa cheti cha shangazi, anauza omena Dunga hapa Kisumu na chama chao kilitaka kumtuza. Mkanipa kaidi, shupavu, mkakamavu, na mmoja wenu akaleta sugu (zii, hiyo tuwachie wahalifu na malaria).

Kaidi niliitoa mapema, huyo ni mtu haskii akiambiwa, na hata kama shangazi ako nayo kidogo si ya kupiga fremu. Shupavu nusura ishinde, ni mtu hatishiki, lakini jirani mwalimu akasema inaenda pamoja na kushupaa, na ukiambiwa umeshupaza shingo hapo hujasifiwa. Kukakamaa pia ni kukaza, kama misuli, ila mkakamavu watu huichukua vizuri, ni mtu anakaza hata mambo yakiwa magumu, ona Faith Kipyegon mzunguko wa mwisho wa mita 1,500.

Mwenye kuchapa akaleta "mkakamafu", nikamrudishia, ni v bana! Shangazi kusomewa akauliza kwani hiyo si mbishi tu yenye imevaa suti, lakini cheti ameshaning'iniza.