Pampu mpya ya mafuta: boya la geji lipimweje?

Wa Kizota: Wakuu, nabadilisha pampu ya petroli. Geji nayo inarukaruka, mara robo, mara nusu. Boya, lile linaloelea tangini na kuipa geji kiwango cha mafuta, nilipimeje kabla sijafunga?

Fundi Umeme Dom: Shusha presha ya mafuta, toa waya hasi wa betri, kisha futa vumbi lote juu ya kifuniko cha pampu. Hilo usilipuuze: vumbi letu la Dodoma likidondoka tangini, chujio jipya linaziba mapema. Ukishatoa pampu, weka mita ya umeme kwenye omu (kipimo cha ukinzani), gusa pini mbili za boya, inua mkono wake taratibu toka chini hadi juu. Namba ibadilike mfululizo. Ikikatika katikati, njia ya kaboni ambayo mkono huteleza juu yake imelika, badilisha. Kiwango cha tupu na kujaa kisome kwenye kitabu cha gari yako, hutofautiana.

Wa Nala: Tikisa boya pia. Likiwa na petroli ndani limetoboka, litazama. Na usiukunje mkono unapoingiza pampu, geji itadanganya.

Wa Kizota: Likipima vizuri?

Fundi Umeme Dom: Kagua plagi na waya wa ethi (ule unaofungwa kwenye bodi ya gari), kutu hujificha hapo. Oringi, pete ya mpira ya kuziba kifuniko, weka mpya. Ya zamani ikishavimba haikai.