Tangazo la baga lililomtoa Ate chumbani: nani anayajua matangazo ya Wafilipino anieleze?

BintiPangani

Habarini za usiku wakuu. Niko Dubai mwaka wa nne sasa, nafanya usafi hotelini. Chumba chetu cha Deira tuko wanne kwenye dabodeka mbili, mimi na Wafilipino watatu. Mkubwa wao kapita hamsini, kwao Bulacan, na sote tunamwita Ate, yaani dada mkubwa. Jina lake hasa nililijua baada ya miezi minane.

Alhamisi tulirudi zamu, tukala wali wetu, wale wadogo wawili wakaegemeza simu kwenye kopo la maziwa ya unga wakaanza kutazama matangazo ya zamani ya televisheni ya kwao. Sabuni, tambi, dawa za maumivu. Kila neno wanalijua, wanaimba kabla wimbo haujaanza, nami nacheka nao ingawa sielewi kitu. Likaja moja la McDonald's. Mzee kakaa mezani na mjukuu wake wa kike. Mzee anamwita jina, binti anamsahihisha. Anamwita tena vilevile, anasahihishwa tena. Mwisho mzee anaikata baga yake, nusu anaifunga vizuri, anasema maneno machache, na uso wa yule binti unabadilika kabisa. Basi, limeisha.

Nageuka, Ate hayupo. Yuko kibarazani kati ya nguo zilizoanikwa, katupa mgongo. Huyu ni mtu niliyemwona akiambiwa mshahara wake utachelewa mwezi wa pili na asipepese jicho.

Sikuthubutu kumuuliza. Nawauliza ninyi mliokaa na Wafilipino au mlioolewa kwao: yule mzee anasema nini? Na kwa nini watu hawa wanayakumbuka matangazo kama sisi tunavyokumbuka nyimbo za harusi? Nataka kujua kwa dhati. Ate amenilea mimi hapa.

---

Baharia_Likoni

Dada, hilo la mzee silijui vizuri, wengine watakujibu. Lakini la kukumbuka matangazo nimeliona kwa macho yangu. Miaka tisa nimesafiri na mabaharia wa Kifilipino, meli za mizigo, na melini wao ndio wengi kila mahali.

Kuna tangazo lao la kampuni ya simu, PLDT. Kijana yuko masomoni mbali na nyumbani, anampigia baba yake kumwambia anataka kubadili masomo. Anaogopa. Ukimya kidogo, halafu mzee anamjibu kwa lafudhi ya huko visiwani kwao: kama hapo ndipo ulipo moyo wako, "suportahan taka." Nitakuunga mkono. Maneno hayo mawili yametoka kwenye tangazo yakaingia midomoni mwa watu, na wanayatumia kama sisi tunavyotumia methali.

Usiku mmoja tumetia nanga nje ya Durban, tuko mesi tunakula. Kijana mmoja fundi wa injini akasema mkataba ukiisha harudi tena baharini, anakwenda kufungua duka la mikate. Mwenzangu, kwa watu wale mtu kuacha bahari ni jambo zito, familia nzima inamtegemea. Wote kimya. Serahangi wetu, mkuu wa mabaharia wa sitaha, mtu mzima wa Cebu, akaweka kijiko chini akasema, "Suportahan taka." Mesi nzima ikaangua kicheko. Kisha nikaona kila mmoja anatazama sahani yake. Kicheko kile kilimpa kijana ruhusa aliyokuwa akiitafuta. Hakuna hotuba ambayo ingemfikishia vile.

---

MamaQuezon

BintiPangani mdogo wangu, pole na zamu. Mimi wa Moshi, nimeolewa huku Ufilipino, naishi Quezon City mwaka wa kumi na moja. Swali lako limenigusa, nivumilie nitaandika kirefu.

Tuanze na yule mzee. Tangazo ni la mwanzoni mwa miaka ya 2000 na watu wazima karibu wote wanalijua. Anayekosewa jina anaitwa Karen, babu yake anamwita Gina. Karen anasahihisha: "Karen po." Anakosewa tena, anarudia: "Karen po." Mwisho babu anapoikata baga anasema, "Hii ni ya mjukuu wangu nimpendaye kuliko wote, Karen." Yuko naye mezani wala hamtambui, lakini anamwekea nusu ya chakula chake. Jina halimjii anapomtazama, linamjia anapomgawia.

Sasa sikiliza lile "po." Ni neno dogo la heshima, unaliweka kwenye maneno yako ukizungumza na mkubwa. Halina tafsiri. Hawa watu pia wanachukua mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji la uso, wanaita mano, ni shikamoo kamili ila ya mwili. Nilipofika huku, mama mkwe wangu aliniwekea tangazo hilo kwa makusudi kunifundisha adabu ya kwao. Akaniambia, mtazame binti: amechoka, amekereka, lakini hakuacha kutia "po" hata mara moja. Mimi nilikuwa nalia kwa ajili ya babu, yeye ananionyesha sarufi.

Ndiyo maana matangazo yao yanakaa. Yanatumia adabu na lugha ya ndani ya nyumba. Halafu nyumba zenyewe zina pengo: takriban Wafilipino milioni 10 wako nje ya nchi. Karibu kila mtaa kuna mtoto aliyelelewa na bibi kwa sababu mama yuko kwenye nyumba ya watu Riyadh au Hong Kong, na anayetazama tangazo la familia mezani anahesabu nani hayupo. Watengenezaji wanalijua hilo vizuri sana. Mwaka 2011 Coca-Cola waliwachukua wafanyakazi watatu waliokuwa miaka mingi ughaibuni, wakawarudisha kwao kula Krismasi, wakapiga picha za mapokezi. Mimi sijawahi kulimaliza. Napofika pale mama anapoona geti la kwao, nazima.

Lakini mfalme ni Jollibee, mikahawa yao ya kuku na baga yenye nembo ya nyuki mwekundu huyu mnayemwona hata hapo Dubai. Tony Tan Caktiong alianza na duka la aiskrimu Cubao mwaka 1975, kilomita chache tu kutoka ninapoandika. McDonald's walipoingia nchini mwaka 1981 watu walidhani nyuki atakufa. Hakufa. Aliuza ladha ya kwao, tambi zenye sukari na vipande vya soseji, ambazo mimi mwaka wa kwanza zilinishinda, na aliuza hadithi zao.

Februari 2017, kabla ya Siku ya Wapendanao, walitoa matangazo matatu mafupi ya mtandaoni waliyosema yametokana na visa vya kweli. Moja linaitwa Vow, kiapo. Kijana anasimulia jinsi alivyokutana na msichana Jollibee, wakawa marafiki, akampenda. Unamwona siku ya harusi, amevaa vizuri, bibi harusi anaingia kanisani, kijana macho yamelowa. Kamera inasogea: bwana harusi ni mtu mwingine. Yeye ni rafiki tu, amekuja kumtakia heri.

Siku hiyo nilikuwa kwenye jeepney, lile gari lao la abiria, tumebanana magoti kwa magoti. Mbele yangu kijana wa kiume, sare ya kazini, simu mkononi, machozi yanamtiririka bila sauti. Mama mmoja mwenye kikapu cha samaki akamuuliza, "Jollibee?" Akatikisa kichwa kukubali. Mama akasema na yeye binti yake alilia asubuhi. Nauli ikaendelea kupitishwa mkono kwa mkono hadi kwa dereva, wala hakuna aliyeona ajabu.

Si kila kitu ni machozi. Miaka ya themanini Alice Dixson alisema "I can feel it!" kwenye tangazo la sabuni ya Palmolive, na mpaka leo mama mkwe akitoka kuoga siku ya joto kali utamsikia anaisema kutoka bafuni. Mwaka 2020 RC Cola walitoa kitu ambacho sijui nikieleze vipi: mtoto analia kwa mama yake kwamba wenzake wanamcheka, anavua shati, mgongoni ameota bilauri nne. Mama kwa upole anang'oa kichwa chake mwenyewe, kumbe chini yake ni chupa ya soda, anainama anamiminia mtoto kwenye bilauri zile. Mwaka ule tulikuwa tumefungiwa ndani kwa ajili ya korona, na mtaa mzima hapakuwa na mazungumzo mengine kwa wiki. Mume wangu anasema ni upuuzi. Mimi naona hata pale ni habari ileile, mtoto anauliza kama kweli ni wa nyumba hii.

---

Kinyozi_wa_Hoja

MamaQuezon umeandika vizuri na nimejifunza. Ila niseme jambo linalonichoma. Nimefanya kazi Doha miaka sita, nimeona wanawake wa Kifilipino wakila tambi za pakiti mwisho wa mwezi ili wapeleke hela yote nyumbani. Kampuni kubwa inachukua watatu, inawalipia tikiti, inapiga video. Na wale mamilioni wengine? Uchungu ni wao, mauzo ni ya wengine. Mimi likinitoa machozi tangazo la soda nahisi nimeibiwa. Huyo Ate hakulia kwa sababu ya baga. Amelia kwa sababu mtu ameshika kidonda chake na kukigeuza biashara.

---

MamaQuezon

Kinyozi, hoja yako nzito na huku wenyewe wanaijadili. Usidhani wanameza tu. Mwaka 2011 kulikuwa na tangazo la McDonald's, watoto wadogo wawili wanaongelea habari ya kuwa wapenzi, binti anasema yeye anataka viazi vya kukaanga tu. Maaskofu Wakatoliki walilalamika kwamba watoto wale ni wadogo mno kwa mazungumzo hayo, kampuni ikaliondoa. Na siasa je? Uchaguzi wa rais 2010, Manny Villar, tajiri wa majumba na viwanja, alitoa wimbo wa kampeni ukiimbwa na watoto: umewahi kuoga kwenye bahari ya takataka? Umewahi kusherehekea Krismasi katikati ya barabara? Akijionyesha kuwa alitoka kwenye umaskini. Wimbo ulishika nchi nzima, watoto wa mtaani waliuimba wakirukaruka kamba. Villar alishika nafasi ya tatu. Watu waliuimba wimbo wake wakaenda kumchagua mwingine.

Kwa hiyo mimi sioni kama wameibiwa moja kwa moja. Mama mkwe hulia na Vow kila mwaka, na hajawahi kununua kuku wa Jollibee siku ya Wapendanao, anasema foleni ni ndefu. Lakini hapo kwenye tikiti tatu nakubaliana nawe. Hapo sina la kukujibu.

---

Baharia_Likoni

Kinyozi, hata methali zetu hatujui nani alizitunga wala alipata faida gani. Serahangi wetu ile simu ya PLDT hata hakuwa nayo kwao. Maneno alibaki nayo.

---

BintiPangani

Wapendwa nimesoma yote, mengine mara mbili. MamaQuezon Mungu akuweke.

Jana nilijipa moyo. Ate alikuwa anakunja nguo, nikakaa kitandani kwake nikamwambia nimeelezwa habari ya Karen na babu. Akatabasamu. Akasema kila mtu analia kwa ajili ya babu, yeye anamtazama binti.

Alilelewa na bibi yake mzaa mama. Bibi alipozeeka akawa anamwita kwa jina la mama yake, ambaye wakati huo alikuwa kazini Kuwait. Ate alikuwa na miaka kumi na sita. Siku moja bibi akamwita jina lile mara tatu akiwa anajiandaa kwenda shule, akamgeukia akamwambia, mimi si yeye, yeye alituacha. Hakuweka "po." Akaenda zake. Bibi aliishi mwaka mwingine mmoja baada ya hapo na walikaa vizuri, walikula pamoja kila siku, wala bibi hakukumbuka. Ate ndiye anayekumbuka. Aliniambia neno lenyewe lina herufi mbili, angeweza kulitia.

Kinyozi, nilimsomea na la kwako, nikamtafsiria. Akasema ni kweli wanauza baga. Akasema pia kwamba kabla ya tangazo lile hakuwahi kumweleza mtu habari ya asubuhi ile, maana hakujua aanzie wapi. Sasa akitaka kuieleza anasema tu "Karen," na wenzake wanaelewa.

Tukamaliza kukunja nguo. Usiku huo nikapiga simu Pangani. Bibi yangu mwenyewe tangu Ramadhani iliyopita ananiita Mwanaidi, jina la mama mdogo aliyefariki, na mimi kila mara namsahihisha, bibi ni mimi, bibi ni mimi, mpaka anachoka anampa simu mjomba. Safari hii akasema, "Mwanaidi?"

Nikaitika, "Abee, bibi."

Tukaongea mpaka salio likaisha.