Plasta ya simiti inabanduka kwa nyumba ya kale, naomba ushauri

Habarini ndugu zangu, naomba msaada kwa wenye ujuzi wa nyumba za kale. Nyumba ya marehemu babu iko Mji wa Kale Mombasa, karibu na Fort Jesus, kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari ya boriti. Mwaka jana fundi akapiga plasta ya simiti nje na ndani, ikapendeza miezi mitatu tu, sasa imevimba, ukigonga inalia kama debe na ukibandua unakuta jiwe limelowa chepechepe na chumvi nyeupe imetanda. Nimeambiwa simiti inafungia unyevu ndani, na kweli ngome yenyewe ilijengwa 1593 hadi 1596 kwa mawe na chokaa na mpaka leo imesimama. Nimekwangua kipande cha kama mita moja, naona kinakauka pole pole.

Sasa nibandue yote kwa mpigo au nianze nje, na chokaa kwa mchanga mnachanganya kipimo gani? Halafu kwa vile ni eneo la hifadhi, plasta tu pia yataka kibali? Boriti mbili upande huo zishaanza kulainika, ndo maana roho haitulii.